Wimbo Utangoja

Kama umetunga nyimbo kumi na moja kwa siku tatu, hujasikia njaa wala usingizi, na kila unayekutana naye njiani unamwona ametumwa kukusikiliza, usikimbie kuita korali. Funga daftari, mpe mtu akutunzie, ulale. Wimbo ulio mzuri leo utakuwa mzuri juma lijalo. Ule usiokuwa mzuri, utashukuru kwamba haukuimbwa mbele ya watu.

Ninamwandikia msanii wa Djugu: wewe unayechora vibao vya maduka Iga-Barrière, unayefundisha korali Fataki, unayepiga gita kwenye harusi za Mongbwalu, unayeigiza redioni Bunia, au uliyekimbia na sasa unachonga viti chini ya bashi kambini. Mimi ni mmoja wenu. Ninachora kwa kulipwa na ninatunga kwa kupenda, na ugonjwa huu nimeishi nao tangu ujana. Mimi si muganga. Kuhusu dawa nitakuambia mambo ya kumwuliza muganga wa hospitali. Kipimo ataandika yeye.

Kwenye fishi ya hospitali utaona maneno ya Kifaransa, trouble bipolaire. Sisi tunasema baipola. Ni ugonjwa unaovuruga hisia, nguvu na usingizi kwa vipindi. Kuna kupanda: maneno yanakimbia, mawazo yanakanyagana, pesa zinatoka mkononi kama maji, hasira iko karibu, na mtu anaweza kuamini ameteuliwa kwa kazi kubwa. Kupanda kwenyewe hudumu juma zima au zaidi. Kuna kupanda kwepesi, ambako hata siku 4 zinatosha kutambulika. Kuna kushuka, juma 2 na kuendelea: mwili mzito, chakula hakina ladha, gita lipo ukutani na hulitamani. Kati ya vipindi hivyo mtu anaweza kukaa miezi, hata miaka, akiwa mzima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 walikuwako watu milioni 40 duniani wenye ugonjwa huu. Milioni 40 hawakurogwa wote na shangazi yako wa Drodro.

Mkulima mwenye baipola akipanda huonekana mapema, kwa sababu anaacha jembe katikati ya mstari. Msanii anapopanda, ugonjwa unajificha ndani ya kazi yake. Watu wanaona anachora usiku kucha, wanasema Mungu amempa. Yeye mwenyewe anasema hivyo hivyo. Kwa hiyo jifunze kutofautisha, na kipimo changu ni hiki: kipaji kinachokujia kikiwa kizima kinakuchosha. Ukimaliza wimbo mzuri, mwili unadai ugali na mkeka. Kupanda hakuchoshi. Unalala saa mbili, unaamka kama umelala kumi, na kazi moja haijaisha umeshaanza nne. Kipimo cha pili: mwombe mtu unayemheshimu aseme kasoro moja ya kazi yako. Ukisikiliza, uko salama. Ukiona anakuonea wivu, na jana alikuwa rafiki, shika njia ya hospitali.

Mwaka wa kupanda kwangu kukubwa nilichora ukuta mzima wa duka la mtu usiku, bila kuombwa, nikamaliza rangi za kazi ya miezi miwili. Gizani niliona herufi zinapumua. Asubuhi watu wote waliona herufi zimepandana, hakuna neno hata moja linalosomeka. Mwenye duka alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Ninakuambia hili ili usidanganyike na hadithi kwamba ugonjwa ndio unaoshika brashi.

Usijipe jina la ugonjwa peke yako, wala usikubali jirani akupe. Malaria iliyofika kichwani hufanya mtu aropoke. Vivyo hivyo homa ya matumbo, kifafa, tezi ya shingo, pombe. Na kuna dexa, vile vidonge ambavyo dada zetu humeza ili wanenepe: dawa za jamii hiyo zinaweza kumpandisha mtu kabisa, hata asiyekuwa na baipola. Mwambie muganga kila ulichomeza. Halafu kuna jeraha la vita, ambalo hapa kwetu ni la wengi. Aliyeona mauaji hushtuka, huota, hukosa usingizi, lakini usingizi anautamani. Anayepanda kwa baipola halali na wala hajali. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na muganga anahitaji kusikia hadithi yote, pamoja na ile usiyopenda kuisimulia.

Usingizi ni ala yako ya kwanza

Nimeweka jambo hili mbele ya dawa kwa makusudi. Kwa wengi wetu, usiku mbili au tatu za kukosa usingizi zinatosha kuamsha kupanda. Mtu wa mji wenye amani anaambiwa alale saa ile ile kila siku, basi. Mtu wa Djugu anaambiwa vipi? Tangu Desemba 2017 vijiji vimekuwa vikikimbiwa usiku. Kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule, ilishambuliwa usiku wa tarehe 1 Februari 2022 na zaidi ya watu 50 waliuawa, watu waliokuwa wamekuja pale kutafuta usalama. Baada ya hayo, kumwambia mtu wa kambini alale kwa utulivu kunahitaji heshima.

Basi tufanye yanayowezekana. Shikilia saa ya kuamka, hata kama saa ya kulala imeporwa. Ukikimbia usiku ukafika porini au kwenye ua wa shule, asubuhi amka saa yako ile ile, toka kwenye mwanga wa jua, kunywa kitu cha moto, halafu mchana lala kidogo tu, usilale mpaka jioni. Mwili unashika majira kwa asubuhi kuliko kwa usiku. Chakula cha jioni kiwe saa ile ile. Panga zamu na majirani: wanaokesha kulinda wawe wengine, na usione aibu kusema kwamba mwili wako hauruhusu zamu ya usiku. Toa badala yake. Chota bidoni za maji za wenzako, okota kuni, andika orodha za ugawaji. Usiku wa pili bila usingizi ukipita, hata kwa sababu halali kama milio ya risasi, mwone muuguzi kabla ya usiku wa tatu. Kuna dawa ya kulazia kwa siku chache, na kutolewa mapema kunaokoa miezi.

Kisha kuna mikesha tunayojitakia. Msanii anaitwa kwenye matanga aimbe hadi alfajiri, kwenye mkesha wa maombi, kwenye harusi, na repetisyo za korali kabla ya Noeli zinakwisha usiku wa manane. Mimi nimejiwekea sheria: naimba matangani mpaka saa nne usiku, nawasalimu wafiwa, natoka. Mwanzoni walinuna. Nilimweleza mzee wa familia mmoja, mtu wa busara, akasema mbele ya wote, "Kijana huyu anakwenda kunywa dawa." Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena. Tafuta mzee wako wa namna hiyo.

Lutuku na bangi sitazizungumza sana. Zinaharibu usingizi, na zinaua kazi ya dawa. Kama unalipwa kwa chupa kwenye sherehe, omba ulipwe kwa franga.

Je, dawa itaua kipaji?

Hili ndilo swali linalotufanya tutupe vidonge chooni, kwa hiyo nitakaa hapa.

Lithiamu ilianza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1949, baada ya John Cade wa Australia kuijaribu kwa wagonjwa wake. Wasanii waliiogopa mara moja. Mwaka 1979 daktari wa Denmark, Mogens Schou, alichapisha majibu ya wasanii 24 wenye ugonjwa huu waliokuwa wakitumia lithiamu. Aliwauliza kazi zao zimekuwaje. 12 walisema wanazalisha zaidi kuliko zamani. 6 hawakuona tofauti. 6 walisema wamepungukiwa. Ni watu wachache, na sitaki uyachukue majibu hayo kama Biblia, lakini tazama vizuri: watatu kati ya kila wanne hawakupoteza kitu, na nusu walipata. Sababu ni ya kawaida kabisa. Miezi waliyokuwa wakiipoteza kitandani au hospitalini sasa walikuwa wakiifanyia kazi.

Wale 6 nao wapo, na huenda wewe ni mmoja wao. Usiwaache waganga wakupuuze ukisema, "Sisikii sauti ya pili ya wimbo tena." Ni malalamiko ya kweli, kama maumivu ya tumbo. Mara nyingi kipimo kinaweza kupunguzwa polepole, au dawa kubadilishwa. Kuacha ghafla ndiko kosa. Aliyeacha ghafla hupanda haraka, na safari hii huweza kupanda juu zaidi.

Mkono ni wa kuangalia kwa karibu. Lithiamu inaweza kutetemesha vidole. Mchora herufi ataona kabla ya mtu yeyote. Haloperidol, ambayo vituo vingi huwa nayo, inaweza kukaza taya, shingo na mikono, ukajiona umegeuka mti. Mpiga gita atadhani amekwisha. Hajakwisha: mwambie muganga siku hiyo hiyo, kuna dawa ya kulegeza, kwetu inajulikana zaidi kwa jina la Artane. Peleka ushahidi. Mimi huandika alfabeti nzima kwa brashi nyembamba kila Jumamosi kwenye kadibodi, na kadibodi hizo ndizo ninazomwonyesha muganga. Anaelewa upesi kuliko ningeongea saa nzima.

Sasa maswali ya kumwuliza, moja baada ya jingine.

Akitaja lithiamu, uliza kama kuna maabara ya kupima damu yako, na unaweza kufika mara ngapi. Dawa hii nafasi yake ni nyembamba: katika damu hutakiwa kuwa kama 0.6 hadi 1.0 (mmol/L), na ikipita 1.5 huanza kuwa sumu. Figo na tezi ya shingo nazo hupimwa. Pasipo maabara, mwongozo wenyewe wa Shirika la Afya Duniani unasema isianzishwe. Kwa mtu wa Kpandroma au Tchomia, mara nyingi jibu ni kwamba lithiamu haifai, na si kosa lako. Ukiitumia, jihadhari na kila kinachokausha mwili: kuhara, kutapika, jua la kutwa shambani bila maji. Usinunue ibuprofen wala diclofenac farmasi kwa maumivu ya mgongo, kwa sababu hupandisha lithiamu katika damu, omba paracetamol. Mkono ukitetemeka sana, ukatapika, ukayumba kama mlevi, usimeze kidonge kinachofuata, nenda hospitali mbio.

Akitaja carbamazepine, mwambie kwamba unaishi katika nchi ya malaria. Carbamazepine hupunguza nguvu ya Coartem, nawe unaweza kumaliza vidonge vyote na malaria ikabaki. Hupunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi. Muganga anayejua atachagua njia nyingine, mradi ajue. Akitaja valproate na wewe ni mwanamke unayeweza kushika mimba, simama hapo kwanza: inadhuru sana mtoto tumboni, na inafaa iepukwe kama kuna dawa nyingine. Kwa malaria, kataa mefloquine, maana inaweza kuvuruga akili ya mtu mwenye historia kama yetu. Na kama unapewa amitriptyline peke yake wakati wa kushuka, sema wazi: "Muganga, nimewahi kupanda." Dawa ya kuinua huzuni bila dawa ya kushikilia juu yake inaweza kukurusha upande wa pili. Phenobarbital, ambayo wengi hupewa kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini, ni ya kifafa. Uliza kwa adabu kwa nini umepewa.

Pa kwenda: anza na kituo cha afya kilicho karibu, uulize nani amefundishwa afya ya akili, wauguzi wengine wamepata mafunzo hayo. Bunia kuna Hospitali Kuu na CME. Kwa hali ngumu zaidi, katika mashariki ya nchi Mabruda wa Upendo wanaendesha Tulizo Letu mjini Goma na Sosame mjini Bukavu. Walioangukia upande wa Uganda, kama wengi waliovuka Ziwa Albert mwaka 2018 hadi Kyangwali, wanaweza kuomba rufaa, na ya mwisho kabisa ni Butabika, Kampala.

Mfuko wa kukimbia

Kila nyumba ya Djugu ina mfuko uliofungwa tayari. Ndani ya wako weka vidonge vya juma mbili katika chupa kavu yenye kifuniko, karatasi yenye majina ya dawa na vipimo vilivyoandikwa kwa herufi kubwa, fishi au nakala yake, na namba ya simu ya muganga iliyoandikwa kwa kalamu, kwa sababu simu huibiwa au huzima. Barabara ikifungwa na dawa zikabaki chache, usizimalize kwa kawaida halafu uanze kutafuta. Zikibaki za siku kumi, anza kutafuta siku ile: tuma ujumbe Bunia, mwulize mwendesha pikipiki unayemwamini, mwulize muuguzi kama anaweza kukupunguzia hatua kwa hatua.

Na daftari lako la nyimbo? Liweke pia. Lakini piga picha za kurasa zake ukazitume kwa mtu aliye mbali. Najua watunzi waliopoteza miaka ya kazi katika nyumba iliyochomwa, na msiba huo peke yake uliwashusha.

Kanisa, ukoo na kamba

Nilipopanda mara ya kwanza nilipelekwa kwenye chumba cha maombi. Nilifungwa kamba miguuni siku kadhaa, nikafungishwa mfungo mkavu, bila maji. Sitataja mahali. Walionifunga walikuwa wakinipenda, na mmoja wao alilia aliponifunga. Hata hivyo alama zipo kwenye vifundo vyangu, na ugonjwa haukutoka kwa kamba.

Mimi bado ni mkristo na bado natungia korali. Ninakushauri uende kwa mchungaji wako ukiwa mzima, katika miezi yako mizuri, uzungumze naye kabla. Mwambie mambo matatu tu: nikipanda, niombee mchana na uniache nilale usiku, usinifungishe mfungo mkavu, maana kwa anayekunywa lithiamu kukosa maji kunaweza kumwua, na mtu yeyote asiniambie niache vidonge ili kuonyesha imani. Wachungaji wengi hukubali wakiambiwa mapema na kwa heshima. Wakiambiwa katikati ya kelele, wanafanya walichozoea.

Mfumu akiitwa na ukoo, huwezi daima kuzuia. Zuia mambo mawili: dawa za kunywa ambazo hakuna anayejua zimechemshwa kwa vitu gani, na kutaja mchawi. Hapa kwetu, neno la uchawi likishatamkwa juu ya jirani, hasa jirani wa kabila jingine, linaweza kuwasha mambo ambayo hakuna kidonge kitakachoyatuliza. Kama unaumwa, sema unaumwa. Usimpe mtu yeyote sababu ya kumtafuta mwenye kosa.

Utahitaji mtu mmoja, nami namwita mshika daftari. Si lazima awe mume au mke. Wakati mwingine mwenzi wa ndoa amechoka au ameumizwa mno. Wangu ni yaya yangu, dada mkubwa. Anashika simu yangu nikianza kupanda, ili nisitume nyimbo saa nane usiku kwa kila mtu wala nisipige redio kuwatukana watu. Anashika pesa na zana kubwa. Mara moja nilitaka kuuza gita na kompresa ya rangi ili niende Kinshasa kurekodi. Alikuwa amekwisha kuvificha kwa jirani, na tulikuwa tumekubaliana hivyo miezi sita kabla, kwa maandishi. Nawe ukubaliane hivyo na wako. Weka pia kiwango: chochote kinachopita kiasi fulani cha franga, kingoje siku tatu na saini yake.

Kwa mteja, usipokee malipo yote mwanzoni. Chukua ya rangi na mbao, zingine baadaye, na mpe tarehe iliyo mbali kuliko unavyodhani unahitaji. Ukiwa mzima utamaliza mapema, atafurahi. Ukishuka, utakuwa na nafasi ya kupumua. Msanii mwenye baipola anayeahidi kwa kasi ya siku zake za juu atakuwa mdaiwa katika siku zake za chini.

Siyo lazima umwambie kila mtu jina la ugonjwa. Lakini wapo waliosema hadharani na wakafungua mlango: Sitawa Wafula wa Kenya amezungumza waziwazi kuhusu kifafa na baipola yake, na Kampala Joseph Atukunda, mwenye baipola, alianzisha Heartsounds Uganda ili waliougua wasaidiane wenyewe. Wawili au watatu mkifahamiana Bunia, mkutane mara moja kwa mwezi, mkae chini ya mwembe, mlinganishe dawa, usingizi na kazi. Hakuna ruhusa ya ofisi inayohitajika.

Ukishuka

Usijilazimishe kutunga. Panga mapema kazi za siku za chini, uziandike ukiwa mzima: kuosha brashi, kupiga msasa mbao, kunakili nyimbo za zamani kwa mwandiko safi, kubadilisha nyuzi, kumfundisha mtoto mmoja noti tatu. Nusu saa, kisha kaa juani. Bessie Head, mwandishi aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1937 na kuishi Serowe, Botswana, alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lobatse mwaka 1971. Sijui kama ugonjwa wake tungeuita baipola, na haijalishi. Riwaya yake A Question of Power, iliyotokana na mateso hayo, ilitoka mwaka 1973, baada ya yeye kurudi nyumbani. Na huko Serowe alikuwa akifanya kazi katika bustani ya mboga ya ushirika pamoja na wengine. Moto ulipotulia ndipo aliweza kuuandika. Bustani ya mboga tunayo hata kambini, hata kama ni gunia lililojazwa udongo na sombe ikapandwa juu yake.

Kuna hali moja ya kuogopwa kuliko zote, pale huzuni ya kushuka inapokutana na nguvu za kupanda. Mtu analia na hawezi kukaa kitako, anatembea usiku, anasema watu watapumzika akiondoka. Mwenye hali hiyo asiachwe peke yake hata saa moja, na apelekwe hospitali siku ile. Mshika daftari atoe nyumbani sumu ya shambani, kamba na panga, na vidonge vyote akae navyo yeye, akitoa vya siku moja moja. Kama ni wewe, na unasoma haya ukiwa umeshaanza kuwaza kufa, simama sasa hivi, mwendee mtu wa karibu umwambie kwa maneno haya haya: "Ninawaza kufa, usiniache." Huhitaji kueleza zaidi.

Karatasi

Leo, kama ni siku yako nzuri, chukua karatasi moja. Andika kwa mkono wako, maana unaufahamu mwandiko wako hata ukiwa juu. Andika dalili tatu za kupanda kwako. Zangu ni kuchora herufi kubwa kuliko kawaida, kupiga simu alfajiri, na kuacha sukari kwenye chai. Andika dalili tatu za kushuka. Andika majina ya dawa zako, na ya ile iliyokukaza taya. Andika hospitali unayokubali kupelekwa na mahali usipokubali. Andika nani atashika pesa, simu, gita, watoto. Andika: "Nikikataa kwa hasira, kumbukeni kwamba nilikubali nikiwa na akili zangu." Tia saini na tarehe, mshika daftari naye atie ya kwake. Nakala moja kwa muuguzi, moja kwa mchungaji au mzee, moja kwenye mfuko wa kukimbia.

Yangu ina mikunjo minne na doa la rangi ya buluu kwenye kona. Yaya ameifungua mara mbili katika miaka yote hii. Mara ya pili nilimwambia imeghushiwa, akanionyesha herufi K, ninavyoivuta mkia chini ya mstari, nikakaa kimya, nikavaa viatu, tukaenda.